Mzee Elijah Masinde na Ugomvi wa Nyumbani na Shule

Tulipokaa mwaka huu katika Chama cha Kiswahili kupanga makala za gazeti letu, walimu walituomba tuandike juu ya ushirikiano baina ya wazazi na shule. Wengi wetu tulinuna kidogo. Tulidhani itakuwa yale yale ya siku ya wazazi: hema, soda, hotuba ndefu ndefu, na baba ya mtu anaitwa ofisini kwa sababu ya karo. Lakini nilipofikiri zaidi nikaona kwamba hapa kwetu Kimilili alikuwako mtu ambaye maisha yake yanaonyesha jambo hili kutoka upande wa pili, yaani mambo huwaje nyumbani na shule wasipoelewana kabisa. Mtu huyo ni marehemu Mzee Elijah Masinde wa Maeni.

Jina lake kila mtu analijua. Tangu tukiwa watoto wadogo tumesimuliwa jinsi risasi zilivyomgeukia maji, jinsi minyororo ilivyofunguka yenyewe, na jinsi alivyomlaani huyu na yule. Hadithi hizo sitazirudia hapa, maana kila boma lina yake, na ya boma moja haifanani na ya boma la pili. Nitaeleza maisha yake kama mtu, kijana aliyelelewa na wazee wake, akafundishwa na wamisheni, akapendwa na wote wawili, halafu akakatwa katikati.

Masinde alizaliwa Kimilili yapata mwaka 1910. Wakati huo Wazungu walituita Wakitosh, jina ambalo Wababukusu walilichukia na ambalo baadaye walipigania liondolewe. Tukumbuke kwamba mwaka 1895 Wabukusu walikuwa wamepigwa vibaya sana na jeshi la Waingereza pale kwenye ngome ya Chetambe, karibu na Webuye ya leo. Zaidi ya watu mia moja wa kwetu waliuawa. Kwa hivyo mtoto aliyezaliwa miaka kumi na tano baada ya vita hivyo alikaa motoni jioni na watu walioviona kwa macho yao. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake ya kwanza, nayo haikuwa na ubao wala chaki.

Shule ya pili ililetwa na wamisheni. Wamarekani watatu wa kanisa la Friends, ambao wengi huwaita Quaker, walifika Kaimosi mwaka 1902, na baadaye kazi yao ikaenea mpaka Lugulu na huku kwetu. Siku hizo kanisa na shule vilikuwa kitu kimoja. Jengo lilikuwa lile lile, na mwalimu wa Jumatatu ndiye mhubiri wa Jumapili. Mpaka leo ukimsikia mzee wa Kibukusu akisema fulani ni msomi, huenda hana maana ya shahada za chuo kikuu. Ana maana kwamba mtu huyo ni Mkristo. Kusoma na kubatizwa vilikuja katika kapu moja, na ukilitaka la kwanza, la pili nalo hulikwepi.

Tena kapu hilo lilikuwa na masharti. Msomi hakutakiwa kunywa pombe. Hakutakiwa kuvuta tumbaku. Hakutakiwa kuoa mke wa pili, wala kutoa sadaka kwa wahenga katika kile kibanda kidogo cha uani tunachokiita namwima. Ngoma na nyimbo za tohara zilionekana kuwa mambo ya giza. Hebu jiweke mahali pa mzazi wa wakati ule. Umemtoa mtoto wako shambani, mbuzi wanahitaji mchungaji, wewe unamtuma shuleni ili ajue kuandika, kwa maana umeona anayejua kuandika haonewi ovyo na makarani. Jioni anarudi na kukuambia kwamba kibanda ulichojengewa na babu yako ni nyumba ya shetani. Hukuitwa kwenye mkutano wowote. Hakuna aliyekuuliza lolote. Mtoto ni wako, lakini mafundisho si yako. Mimi nafikiri ugomvi wote uliofuata ulianzia hapo.

Hata hivyo Masinde hakuanza maisha yake kwa kugombana na wamisheni. Aliingia katika kanisa lao na akafundishwa chini yao. Juu ya yote, alicheza kandanda. Wenzangu wanaopenda mpira watafurahi kujua kwamba kabla hajaitwa nabii, kabla hajafungwa, Elijah Masinde alikuwa kapteni wa timu ya Kimilili. Hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage, ambalo lilikuwa limeanza mwaka 1926 na ndilo mzazi wa mashindano ya CECAFA ya siku hizi. Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini hivi. Fikirini kijana wa Maeni, mahali ambapo barabara zilikuwa njia za ng'ombe, anasimama mbele ya umati akiwa amevaa jezi ya nchi nzima!

Nimesimama hapa kwenye mpira kwa makusudi. Uwanja wa mpira ni mahali pa ajabu. Baba mwenye wake watatu anaweza kusimama kando ya mstari pamoja na mmisheni asiyekunywa hata busaa, na wote wakapiga kelele kwa ajili ya kijana mmoja. Sijui sehemu nyingine ya shule inayowaleta wazazi bila kuitwa kwa barua. Hata hapa kwetu, kwenye mkutano wa wazazi viti vya nyuma hubaki wazi, lakini siku ya fainali watu hupanda juu ya miti. Kama kulikuwako na mtu mmoja katika Kimilili nzima ambaye angeweza kuwa daraja kati ya boma na misheni, basi alikuwa huyu kapteni.

Daraja lilivunjika katika miaka ya 1930. Masinde alioa mke wa pili. Kwa mila ya Kibukusu hilo halikuwa kosa wala jambo la kuficha. Ni boma linakua, na mashamba yanapata mikono. Kwa sheria ya kanisa la Friends lilikuwa kosa lisilo na mjadala. Akaondolewa.

Naomba mnielewe. Sisemi kanisa halikuwa na haki ya kuwa na sheria zake. Kila nyumba ina sheria zake, hata bweni letu. Lakini kuondolewa kanisani wakati ule hakukuwa sawa na leo, ambapo ukitoka hapa unaingia pale ng'ambo ya barabara. Karibu shule zote za Waafrika zilikuwa mikononi mwa wamisheni. Serikali iliwapa fedha za msaada, na wazazi walitoa kodi, nguzo, udongo, nyasi za kuezeka na vijana wa kukanyaga udongo huo. Madarasa mengi ya vijijini yalisimama kwa nguvu za wazazi. Lakini kauli ya mwisho haikuwa yao. Mtu akitolewa kanisani alijikuta pia nje ya ule mlango ambao watu wa serikali, makarani, walimu na wenye mishahara walikuwa wakipitia.

Masinde hakuwa peke yake katika kuumwa na jambo hilo. Katikati ya miaka hiyo hiyo ya 1930 Wabukusu waliunda chama kilichoitwa Kitosh Education Society, na kiongozi wake aliyejulikana sana alikuwa Pascal Nabwana. Tazameni jina lake, Pascal, jina la Kikatoliki, na ndani ya chama hicho walikuwamo watu wa Friends pia. Watu waliosali makanisa mbalimbali walikaa pamoja kwa sababu wote walikuwa wazazi. Walitaka shule zaidi, na walitaka wenyeji wasikilizwe katika mambo ya elimu. Baadaye kazi ya namna hiyo iliendelezwa na Bukusu Union. Huko Kiambu nako Wagikuyu waligombana na wamisheni wao juu ya mila, wakaanzisha shule zao huru, na mwaka 1939 Mbiyu Koinange akafungua chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichojengwa kwa michango ya wazazi na marika. Kwa hiyo jambo hili la wazazi kudai sauti katika elimu halikuletwa juzi na maafisa wa wizara. Wakulima wa zamani waliliona mapema.

Nabwana alifuata njia ya barua, vikao na kubisha hodi ofisini. Ni njia ya polepole, na mtu akiwa na haraka huona kama ni kupoteza wakati. Masinde alikuwa mtu wa haraka. Alicheza mpira hivyo na aliishi hivyo.

Vita vya pili vya dunia vilipopamba moto, serikali ilitaka watu wa kupeleka kazini na vitani, na machifu walitumwa kuwakamata vijana. Kule Trans Nzoia, kandokando ya Kitale, ardhi ambayo Wabukusu waliihesabu kuwa yao ilikuwa mashamba ya walowezi, na watu wetu walikaa humo kama maskwota wenye kipande mfukoni. Kitale penyewe palikuwa na shule nzuri ya watoto wa Wazungu. Yapata mwaka 1943 Masinde na wenzake wakaanzisha Dini ya Msambwa.

Hapo niruhusuni niseme kidogo kama mwanachama wa Chama cha Kiswahili. Jina hilo limeungwa kwa lugha mbili. Neno dini ni la Kiswahili, na neno msambwa ni la kwetu, kumusambwa, yaani roho za wahenga. Hawakuliita kwa Kibukusu kitupu, na hawakuliita kwa Kiingereza. Hata mafundisho yao yalikuwa hivyo hivyo. Walimtaja Wele, Mungu wa mababu, lakini walichukua pia mambo ya Biblia waliyofundishwa na wamisheni, na Mlima Elgon ukawa Sayuni yao. Yaani mwanafunzi aliondoka kanisani, lakini masomo aliyoyapata aliondoka nayo.

Mwaka 1944 alianza kukataa amri za serikali waziwazi na kuwapinga waliokuja kukusanya watu wa kazi. Akashtakiwa na kufungwa. Mwaka 1945 akapelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi, na akakaa huko mpaka 1947. Ukimshindwa mtu kwa maneno unamwita mwendawazimu, ndivyo ninavyoliona jambo hilo. Alipotoka hakunyamaza. Septemba 1947 watu wapatao elfu tano walikusanyika Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Wazee waliomsimulia mambo hayo akiwa mtoto motoni, nadhani, wangeshangaa kuona umati ule.

Halafu ukaja Februari 1948. Tarehe 7 wafuasi mamia kadha waliandamana mpaka misheni ya Katoliki ya Kibabii wakitaka wamisheni waondoke. Siku tatu baadaye, tarehe 10, umati mwingine ulikwenda kituo cha polisi cha Malakisi. Polisi wakafyatua risasi. Watu 11 walikufa na wengine wakajeruhiwa. Kwa hiyo zile hadithi za risasi kugeuka maji, wasomaji wenzangu, Malakisi inazijibu. Kabla mwezi huo haujaisha Masinde alikuwa amekamatwa. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, naye akahamishwa mbali sana, akapelekwa Lamu.

Sasa nimefika kwenye sehemu ambayo sikupenda kuiandika, lakini nikiiacha nitakuwa nimewadanganya. Katika miaka hiyo ya 1947 mpaka 1949 hivi, moto ulikuwa ukiwaka usiku huku kwetu na Trans Nzoia. Makanisa yalichomwa, majengo ya serikali yalichomwa, mali ya walowezi, na shule. Serikali iliwataja wafuasi wa Msambwa kuwa ndio wenye moto huo. Mimi nikisoma habari za Masinde humwona kama shujaa aliyekataa kupiga magoti, na kila mwaka kwenye mashindano ya mashairi lazima mmoja wetu amsifu. Lakini darasa lililoezekwa kwa nyasi likishika moto, mwenye hasara si DC aliye Kakamega. Wala si mmisheni, maana yeye anajua kusoma tayari. Mwenye hasara ni yule mtoto anayefika asubuhi na kuona majivu, na baba yake aliyezikata zile nguzo. Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani na shule ulipofika. Wale waliokosa sauti ndani ya shule walikuja kuhesabu shule yenyewe kuwa adui, na wamisheni wakaona kila mzazi mwenye namwima uani kuwa mtu wa kiberiti.

Moto huo wa maneno ulienda mbali. Lukas Pkiech alipeleka mafundisho kama hayo kwa Wapokot, na Aprili 1950 pale Kolloa, Baringo, watu wengi walikufa katika vita baina ya wafuasi wake na polisi, naye mwenyewe akiwamo.

Masinde alikuwa Lamu wakati huo. Zaidi ya miaka kumi alikaa kizuizini. Mtu wa mlimani, wa baridi ya Elgon na ugali wa wimbi, akawekwa kwenye minazi na joto, kati ya watu wa lugha hii tunayojifunza sisi darasani kwa kamusi. Alirudi mwanzoni mwa miaka ya 1960, uhuru ukiwa mlangoni. Mwaka 1964 dini yake ikaandikishwa kwa halali. Wengi walidhani mambo yamekwisha. Wapi! Serikali ya wenyewe nayo ilimwona kuwa msumbufu, na mwaka 1968 ikaipiga dini hiyo marufuku tena. Yeye akafungwa tena na tena. Kama kuna mtu aliyewakasirisha wakoloni na waliowafuata kwa kiasi kile kile, basi ni yeye. Alifariki mwaka 1987.

Wakati Mzee alipokuwa akiingia na kutoka jela, wazazi wa nchi hii walikuwa wamepata njia nyingine ya kuingia shuleni, nayo ni harambee. Miaka ya 1960 na 1970 shule za sekondari nyingi zilianzishwa kwa kuku, magunia ya mahindi, shilingi tano tano na mbao. Wazazi wa Bungoma na Trans Nzoia walichanga kama wengine. Mzazi aliyetoa ng'ombe wake ili darasa liezekwe mabati hakuogopa kuingia ofisini kwa hedimasta kuuliza mtihani ulikwendaje. Si kwamba kila kitu kilikuwa kizuri, maana fedha nyingine zilipotea njiani na walimu walikuwa haba, lakini shule ilikuwa yao na walijua hivyo.

Siku hizi jambo hilo limo katika sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inataka shule za umma ziwe na halmashauri ya usimamizi, na ndani yake watu 6 wachaguliwe kuwakilisha wazazi au jamii ya mahali hapo. Anayefadhili shule, kwa mfano kanisa, ana wawakilishi wake pia. Inataka tena kuwe na chama cha wazazi. Yaani katika chumba kimoja, meza moja, wanakaa mtu wa kanisa na mtu wa boma. Nilipowaza hivyo nilijiuliza mkutano wa namna hiyo ungekuwaje hapa Kimilili katika miaka ya 1930, ajenda ikiwa ni kapteni wa mpira aliyeoa mke wa pili. Huenda wangebishana mpaka usiku. Huenda bado angeondolewa kanisani. Lakini wazee wa Maeni wangekuwamo chumbani wakisikia sababu, na mmisheni angelazimika kuwatazama usoni.

Kitu kimoja ambacho wamisheni walitaka kiishe hakikuisha. Kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, shule zikiwa zimefungwa, wavulana wa Kibukusu hupiga chinyimba na kuzunguka kwa wajomba zao wakiwaalika. Wengi wao ni wavulana wa kanisani, na baba zao ni walimu, wazee wa kanisa, makarani, hata wajumbe wa halmashauri za shule. Boma jingine humpeleka mvulana mtoni alfajiri, boma la jirani humpeleka wao hospitalini, na muhula wa tatu ukianza wote wawili hukaa dawati moja. Hakuna anayewauliza walifuata njia gani. Chinyimba zinasikika mbali sana usiku. Mwaka wa tohara uliopita tulikuwa tumebaki shuleni siku chache kwa ajili ya michezo, na tulizisikia kutoka uwanjani, tukiwa bado tunakusanya mipira gizani.